Karatasi ya dola 14,500: kabla hujampeleka mumeo Chennai kupandikizwa figo

Swali

Shikamoo dada. Mume wangu ana miaka 46. Figo zake zilifeli mwaka jana na sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mdogo wake amejitolea kumpa figo moja. Amepimwa kundi la damu na wanaendana. Wakala mmoja wa hapa mjini ametuletea karatasi ya hospitali binafsi ya Chennai, India: dola 14,500, wiki tatu tunarudi nyumbani. Anasema hospitali hiyo inapokea wagonjwa wa dunia nzima, na kwamba hata mdogo wake akikwama tusiwe na wasiwasi, mtu atapatikana hukohuko. Tumeshauza kiwanja na ukoo unachanga. Je, hizi hospitali ni za kuaminika? Twende?

Mama Nasra, Morogoro

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara, bado nauli na foleni: najua jinsi nyumba nzima inavyoanza kuishi kwa ratiba ya mashine. Nimekuwa nesi wa kitengo cha kusafisha damu kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo nimewasindikiza wagonjwa wetu hadi Chennai na Delhi, nikalala nao nyumba za wageni, nikapanga nao foleni za vipimo, nikarudi nao. Nitakujibu kama ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja.

Swali lako la kwanza ndilo jepesi. Ndiyo, hospitali kubwa binafsi za India zinaijua kazi ya figo. Nchi ile ilifanikiwa kupandikiza figo tangu mwaka 1971, pale Vellore, kilomita kama 140 kutoka Chennai, kwenye hospitali ya chuo cha udaktari cha Wakristo ambayo mpaka leo haiendeshwi kwa faida. Apollo ya Chennai ilifunguliwa mwaka 1983 na Daktari Prathap C. Reddy, na Apollo ya Delhi iitwayo Indraprastha ikawa hospitali ya kwanza India kupata ithibati ya JCI, mwaka 2005. JCI ni shirika la Marekani linalokagua hospitali katika nchi mbalimbali. India nao wana ithibati yao, NABH. Ukiambiwa hospitali ina ithibati, ingia tovuti za hao wakaguzi wenyewe utafute jina la tawi unalopelekwa, maana hospitali hukaguliwa moja moja. Kampuni inaweza kuwa na matawi mengi, na si yote yaliyokaguliwa. Upasuaji wenyewe huchukua masaa matatu au manne hivi. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, mara nyingi upande wa kulia, na zile za zamani kwa kawaida huachwa zilipo. Madaktari wale wameshafanya kazi hiyo mara nyingi mno, na sijawahi kumwambia mtu aogope mikono yao.

Lakini upasuaji ni siku moja. Familia nilizoziona zikivunjika zilivunjikia kabla ya siku hiyo, au baada yake, na karatasi ya wakala haizigusi siku hizo hata kwa mstari mmoja.

Nianze panapouma. Ulipoandika "mdogo wake" nilikutumia ujumbe kukuuliza kama ni wa tumbo moja. Ukanijibu kwamba ni mtoto wa baba mdogo, wamelelewa nyumba moja, wamekula sahani moja, hakuna anayewatofautisha. Kwetu huyo ni mdogo wake kabisa na hakuna haja ya maelezo. Sheria ya India ya kupandikiza viungo, ya mwaka 1994 na marekebisho yake ya 2011, haimjui hivyo. Ndugu wa karibu inaowataja ni hawa: mume au mke, baba, mama, mtoto wa kuzaa, kaka au dada, babu, bibi na mjukuu. Wamekomea hapo. Mtoto wa baba mdogo, shemeji, mpwa na rafiki wa tangu shule wote wako nje ya mstari, hata kama upendo wao ni mkubwa kuliko wa kaka wa damu.

Aliye nje ya mstari hakatazwi moja kwa moja, ila kesi yake inapita njia ndefu zaidi. Kamati ya Idhini, ile inayoruhusu au kukataa mtu kutoa kiungo, inataka ithibitishiwe kwamba anatoa kwa mapenzi na hakuna shilingi iliyopita mkononi, na kwa watu waliotoka nchi nyingine uthibitisho huo ni mgumu sana. Nimeziona hospitali zikikataa kesi za namna hiyo mlangoni, kabla ya kipimo cha kwanza. Nimeona pia familia ikipokelewa, ikalipia vipimo vyote, ikakaa wiki sita ikisubiri kamati, kisha ikarudi na mgonjwa yuleyule na figo zilezile. Wakala wao alijua tangu siku ya kwanza kwamba mtoaji hakuwa ndugu wa karibu kwa sheria ya kule. Hakuwaambia.

Sasa nakuomba unisikilize hapa kuliko popote. Atatokea mtu wa kukushauri mwende mkale kiapo kwamba hao wawili ni baba mmoja, mama mmoja, au cheti cha kuzaliwa kitengenezwe upya. Msikubali. Hospitali itapima vinasaba na kulinganisha tishu, na damu haitasoma kiapo chenu. Halafu kila mgonjwa wa kigeni lazima awe na barua ya ubalozi wa nchi yake inayothibitisha uhusiano wake na mtoaji. Kwetu sisi ni Ubalozi wa Tanzania ulioko New Delhi, hata kama hospitali iko Chennai, na ofisa anayesaini anataka kuona vyeti vya RITA, vitambulisho, cheti cha ndoa ikiwa ni mke na mume, na picha za familia za miaka iliyopita. Mkiingia na karatasi ya uongo mnamweka mumeo mgonjwa mikononi mwa polisi wa nchi ngeni.

Na lile neno la "mtu atapatikana hukohuko", Mama Nasra, maana yake ni kununua figo ya maskini. Sipati namna ya kulipamba. Kanuni zao za mwaka 2014 zinasema Mhindi aliye hai haruhusiwi kumpa figo mgeni asiye ndugu yake wa karibu; ombi kama hilo halisikilizwi kabisa. Kufanya biashara ya kiungo ni kifungo cha miaka 5 hadi 10 na faini ya rupia milioni 2 hadi milioni 10. Figo za watu waliofariki nazo hugawiwa kwanza kwa wagonjwa wa nchi yenyewe, na mgeni ni wa mwisho kwenye foleni. Kwa hiyo mtu huyo anayeweza "kupatikana" atapatikana gizani, kwa karatasi bandia, na atakayepasuliwa upande wa pili ni mama au kijana mwenye madeni ambaye hamtamjua hata jina. Wakala aliyewaambia hivyo msirudi kwake hata kwa ushauri wa tiketi.

Nikuambie kamati yenyewe ilivyo, kwa sababu hata ndugu wa halali kabisa huingia wakitetemeka. Nilikuwa nje ya mlango siku dada mmoja wa kwetu alipoitwa kumpa figo kaka yake. Mahojiano hurekodiwa kwa video. Walimwingiza peke yake, kaka akabaki benchi. Walimuuliza, kupitia mkalimani, jina la mama yao, nani anamfuata nani kuzaliwa, shuleni alifika darasa la ngapi, anaishi kwa kazi gani, nani atamlea mtoto wake mdogo akiwa wodini, na kama anajua kwamba anaweza kusema hapana hata asubuhi ya upasuaji. Kanuni zao zinataka mtoaji akiwa mwanamke uangalifu uzidi, athibitishwe kwamba anataka mwenyewe wala hakusukumwa na mume au wakwe. Alitoka akilia. Nikadhani amekataliwa. Akaniambia, "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nataka." Alikuwa anataka. Alitoa, na wote wawili wako hai. Tangu siku hiyo, kabla sijamwandikia mtu barua yoyote, namwita mtoaji pembeni, bila shangazi wala mjumbe wa ukoo, nikamuuliza swali hilohilo. Muulize na wewe huyo shemeji yako, hata kama si yeye atakayetoa mwishowe. Ukoo unapochanga fedha, kijana wa chini hupata shida kusema anaogopa.

Basi nani atoe? Kwenye ujumbe wako umewataja kaka wa damu wawili wako Ifakara, "ila hawajapimwa kwa sababu mmoja mlevi na mwingine yuko mbali." Mlevi apimwe, daktari ndiye aamue, huenda akafaa na huenda asifae. Aliye mbali apigiwe simu leo. Mama mkwe wako ana umri gani? Hata mtoaji mwenye miaka sitini na kitu, mwenye presha nzuri na asiye na kisukari, anaweza kufaa. Na wewe je? Katika barua nzima hukujitaja. Mke ni ndugu wa karibu kwa sheria ile, na cheti chenu cha ndoa ndicho ushahidi. Sikusukumi, na nimetoka kusema kwamba mtu asisukumwe. Nakwambia tu kwamba mlango huo upo, kwa sababu wanawake wengi hufika kwetu hawajui kama upo. Mwenye kundi O anaweza kumpa yeyote, mwenye AB anaweza kupokea kwa yeyote. Makundi yakigongana zipo hospitali zinazopandikiza hivyo hivyo baada ya kuchuja damu ya mgonjwa, lakini bei inapanda sana na hatari inaongezeka, nisingeanzia hapo.

Kabla ya Chennai kuna Upanga, Dar es Salaam. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, ikishirikiana na madaktari wa hospitali ya BLK ya New Delhi, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza mwaka 2018. Kutoka Morogoro, Dar na Dodoma zote ni safari ya basi au treni, si ya viza. Mgonjwa wa miaka 46 ambaye hajawahi kupandikizwa, mwenye mtoaji wa damu yake, ndiye hasa wanayeweza kumhudumia. Ningekuwa wewe ningepeleka faili huko kwanza, nikasikia wanasema nini na wanatoa tarehe gani, ndipo nifikirie ndege. Watu hunijibu kwamba India kuna utaalamu zaidi, na kwa kesi ngumu ni kweli: aliyewahi kupandikizwa figo ikakataliwa, mwenye kingamwili nyingi za kuishambulia figo ya mtu mwingine, mwenye moyo mbovu pamoja na figo, mtoto mdogo sana. Hujaniandikia kwamba mumeo yumo katika hao.

Tuseme basi mmepata jibu, mmeona India ndiyo njia yenu. Irudieni ile karatasi ya dola 14,500. Nimeziona nyingi, na zinafanana. Juu kuna nembo ya hospitali, katikati kuna namba kubwa, chini kabisa kwa maandishi madogo kuna orodha ya visivyomo. Soma kuanzia chini. Kwa kawaida namba ile kubwa ni ya upasuaji wa wote wawili, dawa za wodini na siku za kulala zilizohesabiwa. Vipimo vya mwanzo vya mgonjwa na mtoaji vinaweza kuwa nje. Kusafishwa damu wakati mnasubiri kamati kuko nje, na ni mara tatu kwa wiki palepale. Siku ya ziada kwenye chumba cha mahututi iko nje. Damu ya kuongezewa, maambukizi yakitokea, dawa za baada ya kuruhusiwa, chumba cha kupanga, chakula, teksi, mkalimani: nje. Mwaka mmoja nilikuwa na mgonjwa ambaye karatasi yake ilisema siku 10 za wodi. Figo mpya ilichelewa kuamka, jambo linalotokea, akakaa siku 19. Bili ilipokuja, mkewe alikaa sakafuni pale ofisi ya malipo akawa anahesabu kwa vidole rupia hadi shilingi, na mimi sikuwa na la kumwambia kwa sababu ile karatasi ya awali nami niliisoma kuanzia juu.

Kwa hiyo usiulize "ni shilingi ngapi." Waandikie idara ya wagonjwa wa kimataifa ya hospitali yenyewe, kwa barua pepe yenu wenyewe, siyo kupitia kwa wakala. Waulize: mgonjwa akizidisha siku, kila siku ni kiasi gani? Akirudi mahututi? Figo ikichelewa? Mtoaji akikataliwa na kamati, mnarudisha kiasi gani cha amana, na baada ya siku ngapi? Tuma muhtasari uleule wa daktari wenu kwa hospitali mbili au tatu ulinganishe majibu. Jinsi wanavyojibu ni kipimo pia. Hospitali iliyokutumia namba ndani ya nusu saa bila kuuliza mtoaji ni nani wake haijamsoma mumeo bado. Ile inayokujibu kwa maswali, inayotaka kujua kama ana homa ya ini, moyo wake ulipimwa lini, mtoaji ana uhusiano gani naye, hiyo imeanza kazi.

Wakala naye, awe mwema kiasi gani, kwa kawaida hulipwa na hospitali anayokupeleka. Si dhambi, wengine wanafanya kazi nzuri ya kupokea watu uwanja wa ndege na kutafsiri. Lakini mtu anayelipwa na hospitali moja hawezi kuwa mshauri wako wa kuchagua kati ya tatu. Na fedha ya matibabu isipite kwenye akaunti yake hata siku moja. Ilipwe akaunti ya hospitali, risiti iwe na jina la mgonjwa.

Wiki tatu aliyowaahidi haiwezekani. Vipimo na kamati peke yake huweza kula wiki mbili au tatu hata karatasi zikiwa safi. Mtoaji hulala wodini siku tatu hadi tano, mpokeaji wiki moja hadi siku 10. Halafu mpokeaji hukaa mji uleule mwezi mmoja hadi miwili, akirudi kliniki mara mbili au tatu kwa wiki kupimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inafanyaje kazi, na kiwango cha dawa, kwa sababu ndipo mwili unapojaribu kuikataa figo. Hesabu miezi miwili na nusu, mpange ada za watoto na kazi kwa hesabu hiyo.

Mambo ya safari nayapitia upesi. Viza iwe ya matibabu, msikubali ya utalii kwa sababu ni rahisi. Ile ya mtandaoni hudumu siku 60 tangu mnapoingia, inataka barua ya hospitali, na wasindikizaji wawili hupata viza zao pamoja na mgonjwa; mkizidi siku hizo hospitali inawasaidia kuomba nyongeza ofisi ya wageni. Jina la mtoaji liandikwe wazi kwenye barua. Mumeo asafishwe damu siku moja kabla ya ndege, na abebe majibu mapya ya homa ya ini B na C na ya VVU, vinginevyo kule watamsafishia kwenye mashine ya kutengwa hadi wampime wenyewe. Kadi ya njano mtakayoenda nayo ishughulikieni mapema: chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, ni ya maisha yote, na ni chanjo hai, ambayo mtu akishapandikizwa figo hapewi tena. Daktari wake aseme kama anaweza kuchanjwa sasa.

Chukueni unga wa kwetu. Nasema kwa uzito. Chumba cha kupanga chenye jiko, kama vile vya vichochoro vya karibu na Greams Road Chennai, ni bora kuliko hoteli nzuri isiyo na jiko, kwa sababu mgonjwa aliyetoka wodini hana hamu ya kula, na mchuzi wa kule ni mkali. Nimemwona mzee aliyegoma chakula siku tatu akainuka kitandani kwa harufu ya ugali uliosongwa na jirani wa Mombasa ambaye hakuwa anamjua.

Sasa kurudi, maana hapa ndipo figo nyingi nzuri zinapopotelea. Tangu siku ya upasuaji mumeo atakunywa dawa za kuutuliza mwili usiikatae figo, kwa maisha yake yote: kwa kawaida takrolimusi, mikofenoleti na prednisoloni. Takrolimusi hunywewa kila masaa 12, na kiasi chake kwenye damu lazima kipimwe, damu ikitolewa asubuhi kabla ya kumeza. Ikipungua, mwili unaishambulia figo. Ikizidi, dawa yenyewe inaiumiza. Kabla hamjauza kitu kingine, ulizeni haya hapa nyumbani: maabara gani Dar inapima kiwango cha takrolimusi na majibu hutoka baada ya siku ngapi, duka gani lina dawa hizo mfululizo, mwezi mmoja ni shilingi ngapi, bima yenu inalipa au hailipi. Gharama hiyo ni ya kila mwezi, mwaka huu na mwaka ule. Nimewahi kumwambia mzee mmoja mbele ya wanawe kwamba kama fedha zinatosha upasuaji peke yake, basi hazijatosha. Walikasirika. Walichanga tena miezi mitano, wakaenda, na leo yule mzee analima.

Na daktari wa figo wa kumpokea awe amejulikana kwa jina kabla hamjapanda ndege, aliyekubali, na anayeandikiana na daktari wa kule. Kijana mmoja niliyemsindikiza alirudi na dawa za miezi mitatu, figo inafanya kazi vizuri, amenenepa. Zilipoisha, duka likampa takrolimusi ya kampuni nyingine. Vidonge vya rangi tofauti, miligramu zilezile. Akaona ni kitu kimoja, hakupima. Wiki ya tano akaanza kuvimba miguu. Tuliwahi, figo ikapona, lakini alilala wodini siku kumi kwa kosa ambalo kipimo kimoja cha damu kingelizuia. Kubadilisha kampuni kunaruhusiwa. Kubadilisha bila kupima hapana.

Andika haya kwenye karatasi ubandike ukutani. Diklofenaki na ibuprofeni asimeze tena, hata kwa mgongo, hata kama mwenye duka anasema ni kidonge kimoja tu. Balungi asile. Miti shamba asinywe, hata ya kutoka kwa mama yake mzazi. Akiugua kifua kikuu, aseme kabla ya dozi ya kwanza kwamba ana figo ya kupandikizwa, kwa sababu rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha takrolimusi kwa nguvu. Flukonazoli ya fangasi na klarithromaisini ya bakteria huipandisha. Akipata homa, hospitali siku hiyohiyo. Ramadhani akitaka kufunga, aulize kwanza, kila mwaka upya. Na kwa kuwa India iko mbele yetu kwa masaa mawili na nusu, dawa aliyozoea kumeza saa tatu asubuhi Chennai, hapa ni saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Daktari wa kule awaandikie kabla hamjaondoka jinsi ya kuusogeza muda huo hadi saa mtakayoiweza nyumbani.

Kiwanja kimeshauzwa, hilo limepita. Fedha hiyo iweke benki isiguswe, hata kwa amana ya hospitali. Kesho ukimpeleka mumeo kwenye mashine, wakati amelazwa masaa yale manne, omba barua ya rufaa ya Muhimbili au Dodoma, kisha ukipenda ingia maabara upimwe kundi lako la damu. Majibu hutoka siku hiyohiyo. Niandikie ukishayapata, na uniambie pia kaka wa Ifakara amesema nini.